Uwanja wa Jogoo

Jogoo alikuwa amekwisha. Alikuwa na kishungi chekundu, mkia wa rangi tano zilizopishana, na jicho la manjano ambalo mama mkwe aliapa kwamba linamfuata kila anapopita na sufuria. Kilichobaki ni uwanja tu, yaani ile sehemu tupu inayomzunguka jogoo, ambayo ilitakiwa kujazwa sufu ya bluu iliyokoza hadi kwenye kingo za kitambaa. Na mwenye kazi ya kuujaza alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu kuanzia kiwikoni hadi kwenye vidole, analia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu. Mtu mzima, na ndoo yake ya maji, anateleza penye bomba analolijua kama sebule yake, tena mbele ya watu!

"Nenda ukawaambie ukweli," mumewe alisema. "Mtu akivunjika amevunjika. Kwani wao si binadamu?"

"Nikiwaambia, kiti kimekwenda."

Kiti hicho mume alikifahamu ingawa hajawahi kukiona. Kilikuwa cha mbao, cha tatu kutoka dirishani, katika chumba cha wanawake wanaodarizi vifuniko vya viti vya watu wenye nafasi. Tangu karakana ambamo mume alikuwa akichomelea mageti ifungwe, kiti hicho ndicho kilichowalisha, kikamweka binti yao shule ya bweni, na kikamfanya mwenye nyumba awasalimie kwa tabasamu. Kanuni ya chumba ilikuwa moja na haikuwa na huruma: mkono ukisimama, kiti hupewa mkono mwingine. Na nje ya mlango ule hapakukosa mwanamke wa kusubiri, mkoba mapajani, akisikiliza nani amekohoa.

"Wao umewaambia una nini?"

"Homa. Nimemtuma Mkia akaseme nina homa, kazi nitaimalizia nyumbani. Inatakiwa Jumamosi."

"Mkia ndiye nani?"

"Yule mrefu anayecheka ovyo. Kule ndivyo tunavyomwita."

"Na wewe wanakuitaje?"

Mkewe alifuta pua kwa mkono wa kushoto. "Pengo," akasema, na pamoja na machozi yote sauti yake ilikuwa na fahari.

Akaeleza. Katika kazi yake ya kwanza aliruka tundu moja katikati ya ua, na ua likabaki na pengo kama mtoto aliyeng'oka jino. Ndivyo chumba kile kinavyompokea mtu. Kosa lako la kwanza la maana, likishaonekana na wote na ukalifumua mwenyewe mbele yao, linakuwa jina lako. Kabla ya hapo wewe ni mgeni tu, hata ukishinda humo mwaka mzima. Ukishaitwa jina, una haki ya kiti.

"Pengo," mumewe akalijaribu mdomoni, akitabasamu.

"Koma! Hilo ni la kule chumbani kwetu kazini. Wewe niite kama unavyoniita siku zote."

Akakoma. Alikitazama kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, matundu yake madogo yamepangana kwa mamia bila kitu ndani. Kisha akaitazama mikono yake, yenye makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko.

"Basi nifundishe," akasema.

Kutoka jikoni sufuria ilianguka. Mama yake alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Mwanangu," akasema kwa upole mwingi, "mikono hiyo siku ya harusi yako ilishindwa kufunga kishikizo. Nilikufunga mimi."

*

Somo la kwanza lilikuwa la aibu. Mkewe alikaa kwenye kigoda kando ya dirisha, mkono umening'inia kwenye mtandio uliofungwa shingoni, na yeye akakaa kwenye kiti cha plastiki, fremu imeegemea meza. Kutunga uzi tu kulimtoa jasho. Sindano yenyewe ilikuwa butu, na hilo lilimpa moyo kidogo, maana angalau haikuwa ya kumchoma.

"Funga fundo?" akauliza.

"Ole wako! Fundo tunaliita jiwe. Mtu akikalia kifuniko, atalisikia jiwe lako. Acha mkia wa uzi nyuma, halafu uuzike."

"Niuzike wapi?"

"Jikoni."

Alitazama mlangoni, kwa mama yake. Mkewe akacheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Upande wa mbele wa kitambaa tunauita sebuleni. Wa nyuma, jikoni. Mkia unazikwa jikoni, chini ya mishono mingine. Mkuu wetu hata hatazami sebuleni kwanza. Anaanza na jikoni, ajue wewe ni mtu wa aina gani."

"Hilo nalijua," mume akasema, akachangamka. "Hata sisi geti tunaligeuza. Mbele mtu anaweza kudanganya na rangi."

"Eeh. Sasa sikiliza. Kila mshono ni mtu amelala. Miguu chini kushoto, kichwa juu kulia. Wote wamelala kichwa upande mmoja."

Akaingiza, akavuta. Alivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea chuma, na kitambaa kikakunjamana.

"Unamnyonga!"

Akalegeza. Uzi ukabaki umetuna kama kitanzi.

"Huyo sasa ni mlevi. Lipa faini."

"Faini ya nini tena, mke wangu? Si nimeketi tu hapa?"

"Kufumua ndiyo kulipa faini. Fumua hao wawili, mnyongwa na mlevi."

Akalipa. Akalipa tena. Uzi ukaanza kujikunjakunja wenyewe, akataka kuukata, mkewe akamzuia. Alimwambia aiachie sindano ining'inie, uzi ucheze. Aliiachia. Sindano ikazunguka hewani, taratibu kisha mbio, mpaka uzi wote ukanyooka. Jitu zima lilibaki limeduwaa na kinywa wazi.

"Mama!" akaita. "Njoo uone uzi unavyocheza."

"Nimeona mengi," mama akajibu, lakini alikuja, akatazama, na hakurudi jikoni mara moja.

*

Siku za wiki zikaenda hivyo, dirishani, kuanzia watu wa nyumba jirani walipoondoka kwenda kazini mpaka jua lilipohama ukuta. Mkewe hakuweza kushika sindano, basi alishika kila kitu kingine kwa mdomo. "Mlevi, mstari wa juu." "Hapo umeacha jiwe, nimeliona." "Uzi wako mrefu mno, pima kiganjani mpaka kiwikoni, hiyo inatosha." Alikuwa mkali, na kadiri mume alivyopata ndivyo alivyozidi kuwa mkali, kwa sababu sasa alianza kuamini kwamba inawezekana, na tumaini lilimtisha kuliko plasta.

Mume naye alianza kuyapenda maneno yale. Aliyatumia hata pasipohitajika. Chai ikiwa na sukari kidogo alisema aliyetia sukari amewanyonga. Mama yake akisahau alikoweka miwani, alimwambia alipe faini, arudi alikotoka. Mkewe alimwonya kwamba akizoea atayasema mbele za watu, na watu watajua.

Watu walijua mapema zaidi ya hapo. Alasiri moja aliingia mwenzake wa karakana, bila hodi, kama walivyozoea. Fremu ilisukumwa chini ya kitanda upesi, mama akatandaza shuka, na wote wakakaa kwa adabu kama wageni nyumbani kwao. Yule mwenzake alizungumza habari za kazi iliyosikika mjini, ambayo ilikuwa imeshapata watu. Alizungumza huku macho yakirudi kila mara kifuani kwa rafiki yake. Mwishowe akashindwa.

"Kaka, una uzi."

Uzi wa bluu ulining'inia kutoka kwenye kola mpaka kitovuni, na sindano bado imechomekwa kwenye kola hiyo. Mama alianza kusema kwamba yeye ndiye aliyemtuma, kuna nguo yake imechanika, lakini mwanawe alimkatiza.

"Nashona. Mkono wa shemeji yako umevunjika, nami namshikia kazi. Cheka umalize."

Mwenzake alifungua kinywa acheke. Kisha alimtazama shemeji yake na plasta yake, akatazama chumba, akakumbuka, nadhani, kwamba mwenyewe ameshinda wiki nzima akikaa kwenye ngazi za duka na kuhesabu wapita njia. "Hebu nione," akasema. Ikavutwa fremu. Alimtazama jogoo kwa muda mrefu, akagusa bluu kwa ncha ya kidole.

"Na hii yote umefanya wewe?"

"Uwanja tu. Jogoo ni wa mke wangu."

"Kazi safi," mwenzake alisema. Alipoondoka aliaga kwa kushika mkono wa kila mtu, na wa shemeji aliushika ule wa kushoto kwa mikono miwili.

*

Ijumaa kilibaki kipembe kimoja, juu kabisa upande wa kushoto. Mkewe alikuwa amekunywa dawa ya maumivu ikamlaza fofofo. Mama alikuwa ametoka. Mume alibaki peke yake na jogoo, na moyoni alitaka kitu kimoja tu, mkewe aamke akute kazi imekwisha.

Pembe ile ilikuwa mbali na dirisha, na kila alipoifikia kivuli cha mkono wake kiliifunika. Basi akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelifanya. Aliigeuza fremu, akailaza ubavu, pembe ikaja mwangani, karibu na kifua chake. Akaendelea kama alivyofundishwa, miguu chini kushoto, kichwa juu kulia, mikia yote imezikwa, hakuna mlevi, hakuna mnyongwa. Alifanya kazi nzuri kuliko siku zote. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba fremu haigeuzwi ubavu. Mkewe hakumwambia kwa sababu mkono wake mwenyewe ulilijua jambo hilo kwa miaka mingi mno, na mtu hakumbuki kumwambia mwenzake kwamba viatu huvaliwa miguuni.

Mkewe alipoamka, taa ya darini ilikuwa imewashwa. Aligeuza kazi kwanza, akatazama jikoni. Palikuwa pasafi. Alipapasa kwa kidole, hakusikia jiwe hata moja, na sebuleni, chini ya taa ile, bluu yote ilionekana moja. Akakaa kitandani na fremu mapajani, akamtazama mumewe.

"Vipi?" mume akauliza kwa hofu.

"Njoo hapa," akasema, akamkumbatia kwa mkono mmoja, plasta ikambana mume mbavuni mpaka akaguna.

*

Chumba cha kudarizi kilikuwa ghorofani, na dirisha lake lilikuwa refu, upande mmoja tu, mwanga unaingia kwa pembeni. Mke aliingia na mtandio mpana uliomfunika mpaka magotini. Mume alibaki kizingitini na fremu, kwa sababu wanaume hawakuwa na desturi ya kuingia. Kwenye benchi la nje alimkuta mwanamke wa kusubiri, kijana, mkoba mapajani. Walisalimiana, na mume akaona aibu bila kujua kwa nini.

Mkuu wa chumba alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakuna aliyejua jina lake la kosa. Waliokuwapo wakati huo walikwisha kustaafu. Alipokea kazi kutoka kwa mume bila kumtazama, akaigeuza jikoni.

"Mmh," akasema. Kwa Mkuu, hiyo ilikuwa sifa. Mkia, mle kwenye kiti chake, alimkonyeza Pengo.

Kisha Mkuu akaipeleka dirishani, akaiinamisha.

Mke aliona kabla hajaambiwa. Mwanga wa pembeni uliteleza juu ya bluu yote, laini, kama juu ya maji yaliyotulia, mpaka ulipofika kwenye ile pembe ya juu kushoto. Pale ukakatika. Pembe nzima ilikuwa nyeusi, kana kwamba mtu ameweka kiganja chenye maji. Watu wote wa uwanja walikuwa wamelala kichwa upande mmoja, na wale wa pembe ile, walioshonwa fremu ikiwa ubavu, walikuwa wamelala kwa kukingama.

Sindano zote chumbani zilisimama.

"Pengo," Mkuu alisema taratibu. "Kifuniko cha ngapi hiki unaniletea? Hujawahi kugeuza fremu ubavu, hata ulipokuwa mgeni. Nipe mkono wako."

"Ni homa, Mkuu. Homa ilinizidi, sikuona vizuri..."

"Nipe mkono."

Mtandio ukafunguliwa. Plasta ikaonekana, nyeupe kabisa, na upande mmoja imechafuka bluu ya sufu.

"Homa ya plasta sijawahi kuisikia," Mkuu alisema, na hakuna aliyecheka. Nje, mwanamke wa kusubiri alikuwa amesimama. Mke alisikia mkoba wake ukigonga benchi, na akajua kwamba ndivyo mambo yanavyokwisha, mchana kweupe, mbele ya wenzako. Alianza kukusanya vitu vyake kwa mkono wa kushoto, mkasi, kipande cha nta, kitambaa cha kufutia jasho, na kila kimoja kilimponyoka.

"Ni mimi."

Wanawake wote waligeuka. Mume alikuwa amevuka kizingiti. Alisimama katikati ya chumba kile cha nyuzi na mikono yake ya chuma, hajui aiweke wapi.

"Aliyegeuza fremu ubavu ni mimi. Pembe ilikuwa gizani, nikaileta mwangani. Yeye alikuwa amelala. Usimwondoe kwa kosa langu, Mkuu. Mimi nitalipa faini."

Kisha, kutoka kona ya nyuma, Mkia alitoa kicheko ambacho alikimeza nusu.

"Utalipa nini?" Mkuu akauliza.

"Faini. Nitafumua."

"Sikumwambia," mke akasema haraka. "Kosa ni langu, Mkuu. Nilimfundisha yote, hilo nikalisahau."

"Angeniambia nisingeelewa," mume akasema.

"Ungeelewa! Kipi nimekwambia hukuelewa?"

"Nyamazeni wote wawili, hapa si nyumbani kwenu." Mkuu alivaa miwani, akamtazama mwanamume kuanzia viatu. "Fundo tunaliitaje?"

"Jiwe. Halitiwi."

"Uzi ukijikunja?"

"Unauacha ucheze."

"Mlevi ni nani?"

"Aliyelegea. Na aliyekazwa sana amenyongwa. Hao nimewalipia sana, mama yangu, wiki nzima."

Sasa walicheka, chumba kizima, na Mkia alilaza kichwa mezani. Mkuu hakucheka. Aligeuza kazi tena, akapitisha kidole gumba jikoni, polepole, kuanzia pembe hadi pembe.

"Mikia hii ameizika nani?"

"Mimi."

"Jikoni kwako kusafi kuliko kwa Mkia, na yeye ana miaka saba hapa." Kicheko cha Mkia kilikatika ghafla. Mkuu alimgeukia mke. "Umenidanganya. Hilo tutalizungumza, wewe na mimi, na halitakuwa zungumzo zuri."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nilikudhani unanijua."

Neno hilo lilimchoma mke kuliko yote, na hapo ndipo alipolia. Mkuu alimwacha alie. Alienda mwenyewe kwenye kiti cha tatu kutoka dirishani, akakivuta nyuma, akaweka fremu juu ya meza yake.

"Kaa," alimwambia mume. "Fumua hapa, wote walione kosa lako."

Akakaa. Kiti kilikuwa kidogo, magoti yakagonga meza. Mkewe alivuta kigoda akakaa ubavuni mwake kama nyumbani, akafuta macho, akasema, "Anza na pembe ya nje. Taratibu. Usikate kitambaa." Akaanza kulipa. Uzi wa bluu ulitoka kidogo kidogo, ukarundikana mapajani mwake. Wanawake walipita mmoja mmoja, kila mmoja akajifanya anafuata mkasi au maji, wakatazama. Mmoja alimwazima kastabini yake ya kukinga kidole, haikuingia hata kwenye kidole chake kidogo.

Tundu la mwisho lilipobaki wazi, Mkuu alisimama.

"Pembe hii ijazwe leo. Jogoo ataondoka Jumatatu, mteja atasubiri." Akavua miwani. "Na mkono wa kiti cha tatu haujasimama. Atakikalia Ubavu mpaka Pengo apone."

Ilimchukua mume muda kuelewa kwamba Ubavu ni yeye. Mkewe alielewa mara moja. Alimshika bega kwa mkono wa kushoto.

Mwanamke wa kusubiri aliokota mkoba wake na kuteremka ngazi. Naye alikuwa na nyumba yake, na watu wake. Mke alimsikia mpaka hatua ya mwisho, na furaha yake haikuwa kamili tena.

Pembe ilijazwa, kila mtu kichwa upande wa wenzake, na ilipoinamishwa dirishani mwanga ulipita moja kwa moja bila kukwama popote. Wengine walikuwa wamekwisha kuondoka. Mume alikuwa bado ameinama, akizika mkia wa mwisho, jikoni, ambako hakuna mgeni angeuona kamwe. Alitaka uwe mzuri.

Mkewe alikuwa mlangoni, mtandio begani, plasta wazi.

"Ubavu," akaita, "inatosha. Twende nyumbani, mama anatusubiri."

Aliinua kichwa. Akamtazama, kuona kama anaruhusiwa. Akaona anaruhusiwa.

"Nakuja, Pengo," akasema.